Jina Limetoka, Safari Bado

Mlio jikoni endeleeni kupika, sauti itawafikia hapo hapo. Mlio kwenye daladala kati ya Kilombero na Usa River, mwombeni dereva asibadilishe stesheni, maana leo nina neno na mzazi, na nina neno na kijana.

Nataka tuzungumze juu ya kipindi ambacho hakina jina. Kipindi cha masomo kina jina, tunakiita muhula. Mapumziko yana jina, tunayaita likizo. Lakini zile wiki tangu kijana aone jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa kujiunga na chuo, hadi siku anapoketi darasani na kufungua daftari, tunaziitaje? Hatuziiti chochote. Tunapiga vigelegele, tunachinja kuku, tunapiga picha, kisha tunarudi shambani na dukani tukiamini kazi imekwisha. Mimi nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na nawaambia kwa uchungu: watoto wetu wengi hupotea hapo, na hakuna anayewahesabu.

Neno langu la leo ni fupi. Nitalirudia ili hata anayewasha redio sasa asipitwe. Jina limetoka, safari bado.

Ngoja niwasimulie. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda soko la Tengeru, siku ya Jumamosi, kununua ndizi za mtori. Kijana aliyejitokeza kunibebea mkungu hadi barabarani akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikamtazama vizuri. Alikuwa mwanafunzi wangu, tena si wa kubahatisha. Alikuwa wa kuuliza maswali ya fizikia hadi kengele inagonga. Nilijua amechaguliwa chuo kikuu. Nikamuuliza, "Mmefunga chuo?" Akautua mkungu chini, akasema, "Sikwenda, mwalimu."

Nikadhani alikosa ada. Hapana, baba yake alikuwa ameshauza ng'ombe. Je, aliugua? Hapana. Maombi yake ya chuo yalijazwa kwenye steshenari moja mjini. Mwenye duka, kwa haraka zake, akaandika namba yake mwenyewe ya simu, kwa kuwa siku hiyo kijana hakuwa na laini. Kijana akachaguliwa vyuo viwili. Sasa, anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha anakwenda wapi, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukaenda kwa mwenye duka, na mwenye duka hupokea jumbe za watu wengi. Kijana wangu alipokuja kujua, dirisha la kuthibitisha lilikuwa limefungwa. Akasema ataomba tena mwakani. Mwakani ikafika, mama akaugua. Mwaka uliofuata akaoa.

Wasikilizaji, mtoto yule hakushindwa mtihani. Hakushindwa ada. Alikosa ujumbe mmoja wa simu.

Sasa tutazame kalenda yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotuponza. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Baada ya hapo vijana wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Mtoto wa Arusha anaweza kupangiwa Oljoro hapa jirani, lakini pia anaweza kupelekwa Bulombora kule Kigoma au Mafinga kule Iringa. Matokeo hutoka Julai. Udahili unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufunguliwa kwa awamu. Maombi ya mkopo yana dirisha lake peke yake, kwa Bodi ya Mikopo, wala hayasubiri udahili umalizike. Masomo huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba.

Mmeona? Mambo mengi mazito yanaangukia miezi ile ile ambayo mtoto yuko kambini, anakimbia mchakamchaka alfajiri, hana nafasi ya kushika simu kama alivyozoea. Na mtoto wa kijijini kwetu akiwa kambini, nani anasoma matangazo kwa niaba yake? Nauliza tena, nani?

Wakulima wa kahawa mnaonisikiliza kutoka miteremko ya Meru, ninyi mnalielewa jambo hili kuliko sisi wa mjini. Unachuma kahawa nyekundu, nzuri, iliyoiva. Je, unaiacha gunia zima ilale hadi keshokutwa ndiyo uimenye? Huthubutu. Imenye siku hiyo hiyo, la sivyo inaanza kuchacha, na ubora wote uliohangaikia mwaka mzima unaharibika kati ya mti na mashine. Shambani haikuwa na kosa lolote.

Jina limetoka, safari bado.

Tuje kwenye makaratasi. Naomba kijana aliye karibu na redio achukue kalamu.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: namba ya simu na nywila. Steshenari zetu za pale mjini zinasaidia watu, sizilaumu. Lakini usiinuke kwenye kile kiti kabla hujahakikisha kwamba namba iliyoandikwa ni yako au ya mtu wa nyumbani kwenu, na kwamba nywila umeiandika kwenye daftari lako mwenyewe. Ukienda jeshini, daftari lile mwachie mama, au mwachie dada anayejua kusoma ujumbe na kuuelewa. Laini isizimwe, isikopeshwe, isipotee. Mtu anayekujazia fomu ni fundi wako wa siku moja. Hatakumbuka sura yako ikifika Septemba.

Jambo jingine ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Eliamani Yohana, cheti cha kidato cha nne kinasema Eliaman John. Nyumbani tunacheka, tunasema ni yule yule. Kwenye mfumo ni watu wawili. Kurekebisha kunahitaji kiapo, kunahitaji muda, na muda ndio tusio nao. Vitoeni vyeti hivyo kwenye sanduku leo, vilazeni mezani kimoja kando ya kingine, muone kama vinasema jina moja.

Halafu fomu ya mkopo. Hii inahitaji utulivu. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu inataka saini ya mwombaji, saini ya mdhamini, inataka muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, inataka wakili au hakimu. Saini moja ikikosekana, maombi yanabaki nusu. Nimeona mtoto yatima, mhitaji kweli kweli, anakosa mkopo kwa sababu ukurasa wa mdhamini haukusainiwa, na mdhamini ni mjomba anayeishi nyumba ya pili. Bodi hufungua nafasi ya kusahihisha makosa na nafasi ya rufaa, lakini zote hutangazwa kwa siku chache. Asiyefuatilia hazimfikii.

Na wale wa vyuo vya kati msidhani siwaoni. Wa Chuo cha Ufundi Arusha, wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, wa Uhasibu pale Njiro ngazi ya cheti na diploma: milango yenu ni mingine na tarehe zenu ni nyingine, lakini shimo ni lile lile.

Sasa niseme jambo ambalo hapa kwetu Arusha lina uzito wa pekee, na wazazi wa mikoa mingine huenda hawalioni. Ni fedha ya msimu.

Julai hadi Oktoba ni miezi ya watalii. Kijana ametoka jeshini, ana mwili wa mazoezi, anajua Kiingereza cha darasani. Binamu yake ni mpagazi. Anamwambia, twende, wanatafuta watu. Anapanda Mlima Meru kutoka geti la Momella, analala Miriakamba, anashuka na bahshishi ya dola mkononi. Mara ya pili wanampeleka Kilimanjaro. Mwingine anashika bodaboda pale Sakina. Mwingine anaingia mashamba ya maua ya Usa River. Mwingine anaitwa Mirerani kwenye tanzanite, akiambiwa kuna jiwe litatoka wiki ijayo.

Je, nasema wasifanye kazi? Hata kidogo! Kazi inamkomaza mtoto, na ile fedha ndiyo itakayomnunulia godoro la chuo. Ninachosema ni kwamba kazi ile ipewe siku ya kwisha kabla haijaanza. Mzazi na mtoto wakae, waseme: utafanya hadi tarehe fulani, fedha hii ni ya nauli, hii ni ya bima ya afya, hii ni ya kujikimu wiki za mwanzo. Iandikwe. Kwa sababu kijana wa miaka kumi na tisa aliyeshika fedha yake ya kwanza, siku ya kwenda chuo ikifika utamsikia, "Nitakwenda mwakani." Mwakani ni neno tamu sana kinywani. Na mwakani msimu wa watalii unarudi vile vile, na binamu anapiga simu vile vile.

Na kama kweli ipo sababu ya kuahirisha, kama ni ugonjwa au msiba, andika barua chuoni, uliza utaratibu wao, upate jibu la maandishi. Kuahirisha kwa barua ni jambo moja. Kunyamaza tu ni jambo jingine kabisa.

Kwa mabinti nina la kusema pia. Binti akirudi nyumbani baada ya kidato cha sita, nyumba nzima inamwegemea. Dada amejifungua, aende akamsaidie. Shangazi wa Mbauda ana duka, aende akashike duka. Bibi anaumwa, yeye ndiye wa kukaa naye. Yote ni mema na ya upendo. Lakini tazameni, kaka yake anaulizwa, "Chuo unafungua lini?" na yeye anaulizwa, "Maji umechota?" Miezi mitatu ya maswali ya namna hiyo inamfundisha binti kwamba lile jina lililotoka lilikuwa la kupita tu. Akija na mchumba Oktoba mtashangaa? Mwulizeni na yeye lini anafungua chuo. Mwulizeni kila wiki.

Msidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Marekani, kwenye nchi yenye vyuo vya kila aina, wapo vijana wanaochaguliwa na kukubali nafasi, kisha siku ya kuanza hawaonekani. Wenyewe wanaliita jambo hilo kuyeyuka kwa kiangazi. Watafiti wawili, Benjamin Castleman na Lindsay Page, waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2014. Makadirio wanayotoa ni kwamba kati ya vijana mia moja wanaokusudia kwenda chuo, kumi hadi ishirini hawafiki, hasa wa familia ambazo hazijawahi kuwa na msomi wa chuo. Walijaribu dawa gani? Jumbe za simu. Jumbe chache za kumkumbusha kijana tarehe na fomu, na mtu wa kumwuliza akikwama. Waliofika vyuoni wakaongezeka, hasa pale ambapo vijana hawakuwa na msaada mwingine. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka kijana wangu wa Tengeru. Ujumbe wa simu ulimpoteza yeye, na ujumbe wa simu umewaokoa wenzake ng'ambo.

Na hapa hapa Arusha tunao mfano. Shule ya St Jude, aliyoianzisha Gemma Sisia mwaka 2002, haikuishia kuwapa watoto wa familia duni ufadhili hadi kidato cha sita. Waliona kwamba mtoto akimaliza, mkono usiachiwe. Wahitimu hupata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja, wengi wakifundisha katika shule za serikali humu humu mkoani, na wanaotimiza masharti huendelea kufadhiliwa hadi chuoni. Tazameni jambo moja tu katika utaratibu ule: mwaka mzima baada ya shule yupo mtu anayejua kijana fulani yuko wapi, anafanya nini na anaomba chuo gani.

Mtaniambia, mwalimu, ile ni shule yenye wafadhili. Sisi wa Kisimiri, sisi wa Ilboru, sisi wa shule za kata, nani atatufuatilia?

Nitawajibu kwa historia yenu wenyewe. Mwaka 1951 watu wa Meru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka 1952 wakamtuma mtoto wao, Kirilo Japhet, hadi New York, Umoja wa Mataifa, akaseme kilio chao. Je, walimwambia nenda, kisha wakarudi kulala? Walichanga fedha. Alikuwa na mwanasheria, Earle Seaton. Makaratasi yalitayarishwa. Watu ambao wengi wao hawakuwa wamesoma walimfikisha mtu wao upande wa pili wa dunia, kabla ya simu za mkononi. Leo tushindwe kumfikisha mtoto Dodoma?

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila familia yenye mtoto aliyechaguliwa imteue mtu mmoja, mtu mzima mmoja, awe msindikizaji. Asiwe lazima baba. Awe yeyote mwenye subira na simu inayokaa na chaji: mama mdogo, kaka aliyepita chuo, mwalimu mstaafu wa mtaani, katekista, mwinjilisti. Kazi yake ni kuuliza. Umethibitisha? Mwongozo wa kujiunga umeuchapisha? Fomu ya daktari imejazwa hospitali? Tarehe ya kuripoti ni lini, na usajili unafungwa lini? Nani amekupa jibu hilo, ni chuo chenyewe au ni mtu wa kijiweni? Hilo la mwisho msilipuuze, kwa sababu msimu wa udahili ndio msimu wa matapeli, wanaodai fedha wakiahidi nafasi au mkopo. Fedha ya chuo hulipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, haiendi kwenye simu ya mtu.

Na akishafika, msindikizaji asikate simu. Wiki za kwanza ni ngumu kuliko mnavyofikiri. Ile fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haimsubiri mtu getini. Lazima kwanza asajiliwe, asaini, na malipo yafike. Katikati hapo atakula nini? Mpeni fedha ya wiki kadhaa. Mpeni mchele, unga na maharage ya nyumbani. Mfundisheni kabla hajaondoka kupika sufuria moja ya chakula cha siku mbili. Na wewe kijana, majaribio ya darasani huanza mapema, wakati wenzako bado wanazunguka kuutazama mji. Wengi wa wanaodisko, yaani wanaoondolewa masomoni, mwaka wa kwanza hawakushindwa na mtihani wa mwisho. Walianza kuachwa wiki ya tatu, wakaona aibu kusema.

Ukikwama, sema. Mpigie msindikizaji wako, mwone mshauri wa wanafunzi. Usijifungie gheto.

Muda wetu unakwisha, wasikilizaji wangu. Jina limetoka, safari bado. Mzazi unayenisikiliza usiku huu, kabla hujazima taa mwite mwanao au mpigie simu, umwulize maswali mawili: kwenye maombi yako umeandika namba ya simu ya nani, na nywila anayo nani? Kama hajui, kesho asubuhi nendeni wote wawili mkaulize.